Kompyuta Haiulizi Kama Shule Yako Ilikuwa na Maabara

Watu wangu, kuna nusu ukweli tumeambiwa tangu tukiwa wadogo: soma upate gredi poa, milango itafunguka. Ile nusu nyingine hakuna mtu hukwambia mapema. Mlango wa kozi kubwa haufunguliwi na gredi pekee. Unafunguliwa na masomo uliyoyafanya ukapata hiyo gredi.

Wacha niweke hesabu mezani, maana wengi wetu tunaielewa tukiwa tayari tumechelewa.

KCSE inahesabu masomo saba. Kila somo lina pointi 12, jumla 84. Tangu mtihani wa 2023, wanachukua hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano uliyopita vizuri zaidi. Kwa hivyo kemia ikikuangusha, CRE au IRE na biashara zinaweza kukubeba mpaka ukapata B+ yako na sherehe ikafanywa nyumbani. Fiti kabisa.

Sasa njoo KUCCPS. Hapo kila kozi ina klasta yake: masomo manne, pointi 48. Uhandisi unataka hesabu, fizikia, kemia na somo moja juu yake. Udaktari unataka biolojia, kemia, fizikia au hesabu, halafu la nne. Kama huna somo linalohitajika, mfumo haukuruhusu hata kuomba. Si eti umeshindwa na mwenzako mwenye pointi nyingi. Hujaingia hata kwa foleni.

Hapa ndipo Majengo inaingia kwa hii story. Wengi wetu tunasoma shule za kutwa. Asubuhi unapita Gikomba ukikwepa mikokoteni, jioni unarudi kusoma kwa chumba ambacho pia ni jikoni na pia ni sebule. Lakini hiyo si shida kubwa zaidi. Shida kubwa ni kwamba shule nyingi za aina yetu hazina vifaa. Mimi nilipofika form two tuliambiwa, "Chagueni masomo." Kuchagua gani? Maabara ilikuwa moja, mwalimu wa fizikia alikuwa ameondoka, na hakuletwa mwingine. Fizikia ikatoka kwa ratiba ya darasa letu lote. Nilipenda umeme tangu nikiwa mdogo, nikimtazama jirani akitengeneza redio na viyoo vya simu. Niliposhika matokeo, gredi ilikuwa nzuri. Uhandisi wa umeme kwa ile tovuti haukunitambua.

Nilichukua kozi nyingine na siichukii. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa maisha yangu ulifanywa na ratiba, nikiwa na miaka kumi na tano, na hakuna mtu mzima aliyeniambia kwamba huo ulikuwa uamuzi.

Linganisha na Marekani kidogo. Kule kuna AP, masomo ya kiwango cha chuo ambayo mtu anafanya akiwa bado high school, na vyuo vigumu kuingia huangalia sana kama ulichukua masomo magumu. Lakini wanaangalia pamoja na swali lingine: shule yako ilikuwa na nini? Shule hutuma maelezo yake, na mwanafunzi anapimwa kwa kile kilichokuwepo. Ndiyo maana mradi wa KenSAP, ulioanzishwa 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972, umeweza kupeleka vijana wa KCSE, wengi kutoka familia za kawaida, mpaka Harvard na Yale. Hawakuwa na AP hata moja. Walikuwa na KCSE ya juu sana na mtu wa kueleza walikotoka.

Kompyuta yetu haina hilo swali. Aliyesoma shule ya kitaifa yenye maabara tatu na aliyesoma kwa darasa la mabati wanakutana na sharti moja. Wengine wataniambia hiyo ndiyo haki, kila mtu apimwe sawa, na hakuna mtu wa kuhongwa. Nakubali, mashine haina mjomba. Na sitaki daktari ambaye hakusoma kemia. Lakini kama sharti ni moja, basi nafasi ya kulisoma hilo somo lazima pia ifike kila mtaa. Usifunge mlango kisha ukauliza kwa nini mtu hakuingia.

Na sasa inarudi kwa sura mpya. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026. Mikondo ni mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Hesabu pia imegawanywa: nzito ni ya STEM, wengine wanafanya nyepesi. Mwanafunzi anaongeza masomo matatu ya kuchagua. Kumaanisha mtoto anaweza kuandikwa STEM, mathe akafurahi na kutangazia ploti nzima, na kumbe kwa yale matatu hakuna fizikia.

Kwa hivyo kama una mdogo wako Gredi ya 9, usimwachie mathe hiyo fomu peke yake. Yeye anatafuta karo, wewe una bundles. Anza na kozi anayoitaka, urudi nyuma mpaka kwa masomo. Halafu mwende shuleni mkaulize: mwalimu wa hilo somo yuko, au anatarajiwa? Maabara inatumika, au ni stoo ya madawati? Mwaka jana ni wangapi walilifanya mpaka mwisho? Wakikujibu "tutaona," hilo ni jibu tayari. Tafuta shule nyingine mapema.

Na wewe uko form three, kundi la mwisho la KCSE 2027: fungua tovuti ya KUCCPS leo usiku, usome klasta ya kozi yako. Usingoje matokeo ndiyo ujue ulikuwa unasomea nini.