Bamvua Niliyoifundisha Vibaya

Ndugu walimu wenzangu, mtu aliyezaliwa bara akafundisha lugha iliyokulia pwani hana budi siku moja kwenda kupimwa na bahari yenyewe. Mimi nilipimwa mwezi wa Agosti, nikiwa na umri wa miaka 46, baada ya kufundisha Kiswahili nchini Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini kwa stashahada yangu ya ualimu. Naandika haya kwa kuwa matokeo ya mtihani huo yanawahusu pia wanafunzi wangu.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza chuo, naye alitamani jambo moja tu: kujifunza kupanda mawimbi kwa ubao. Mchezo huu ni wa kale katika visiwa vya Hawaii. Duke Kahanamoku, mwogeleaji wa huko aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1912, ni miongoni mwa waliousambaza duniani. Na katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ulishindaniwa kwa mara ya kwanza. Kijana hakutaka medali. Baba yake, mvuvi, alizama katika Ziwa Viktoria mtoto akiwa na miaka tisa, na tangu hapo mwana amekuwa akitafuta namna ya kupatana na maji. Dada yangu aliniita kando akasema, "Kaka, ziwa limekwisha kuchukua la kwake. Wewe ndiwe unayekijua Kiswahili cha bahari. Mchagulie mwanangu mahali."

Nilijiona mkubwa kwa maneno hayo, nikaanza kuchagua. Anayejifunza huhitaji sakafu ya mchanga, maji yasiyomzidi kifua, na wimbi linalovunjika mbali kisha likaja polepole likiwa povu. Huhitaji pia mahali pasipo na mkondo wa kuvuta kuelekea kilindini. Kwanza nilifikiria Diani, kwa uzuri wa mchanga wake mweupe. Lakini huko mwamba wa matumbawe umejipanga mbele ya ufuko kama ukuta. Mawimbi huvunjikia mwambani, na ndani yake maji hutulia. Ni pazuri kwa kuogelea, ila mwanagenzi akitaka wimbi itambidi alifuate mwambani, penye mawe makali.

Basi nikachagua Malindi. Matumbawe hayapendi tope, na mto Sabaki humwaga tope lake kaskazini ya mji huo. Kwa hiyo ghuba yake haina ukuta wa mwamba kama ule wa Diani, na mawimbi hufika hadi mchangani. Majira nayo niliyapima. Wakati wa kaskazi, mikondo huleta tope la mto upande wa mji. Wakati wa kusi hulipeleka mbali zaidi kaskazini, na kusi hiyo hiyo ndiyo inayosukuma mawimbi ya kutosha. Tukafunga safari ya siku kumi, kwa basi.

Tulifika mwezi ukiwa mpevu na mbingu nyeupe. Nikamwambia mpwa wangu kwa sauti ya darasani, "Tazama, hakuna bamvua. Kesho jioni utaingia." Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba bamvua ni dhoruba ya baharini. Neno lenyewe lilinisikika hivyo, nami sikujishughulisha kulitafuta, ijapokuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, ilikuwa kwenye rafu ya ofisi yetu.

Asubuhi tulimkuta mzee mmoja akishona nyavu kando ya ngalawa. Tukamwamkia, akaitika marahaba, kisha akauliza tunataka nini. Nilipomweleza, nikaongeza kwa kujigamba kwamba nimehakikisha hakuna bamvua. Aliacha kushona.

"Mwalimu," akasema, "bamvua ndiyo hii. Bamvua si upepo, ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Leo jioni yatapanda hadi kule juu, wimbi litavunjika mguuni pa ufuko, limbwage mtoto mchangani. Yakianza kupwa yatakwenda na kila asiyeyajua. Ngojeni maji mafu."

Nilihisi uso ukiniwaka. Mpwa wangu hakucheka. Alinitazama tu, nami nikamkumbuka mama yake.

Tulingoja siku saba. Fedha zilipungua, tukala muhogo na dagaa, na kila siku tulikwenda kwa mzee kujifunza kusoma maji. Alituonyesha palipo na utulivu kati ya mawimbi mawili yenye povu, penye maji yenye mchanga yanayokwenda nje. "Hapo ndipo mlango," akasema. "Ukishikwa, usishindane nao. Ogelea sambamba na pwani hata ukuachie, ndipo urudi." Jioni tuliona jinsi maji yalivyopanda hadi kwenye mizizi ya miti, kama alivyosema.

Mwezi ulipobaki nusu, maji yakawa mafu, yakijaa kidogo na kupwa kidogo. Kijana mmoja wa hapo alitukodishia ubao akaingia na mpwa wangu, maji yakiwafika kiunoni. Mimi nilisimama magotini mwa maji, suruali nimeikunja, nikihesabu. Alianguka mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alipiga magoti, akainuka, akasimama juu ya povu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu, kisha akaanguka akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka ndani ya maji. Nilimpigia dada yangu simu, naye hakunena neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ametoka majini?" Nikajibu, "Ametoka, yuko hapa kando yangu."

Muhula ulipoanza nilisimama mbele ya ubao wangu mwenyewe, ule wa chaki, nikaandika neno bamvua. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao alikosea, na jinsi kosa hilo lilivyokaribia kumwingiza mtoto wa watu mahali pabaya. Nikawaamuru wafungue madaftari wafute neno dhoruba. Wale waliohitimu zamani siwezi kuwafikia wote. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukimpata darasani kwako mmoja wao, nakuomba umsahihishie.