Nakala Iliyochelewa

Duka la kanga la dada yangu halina mlango. Doti zimepangwa chumbani kwake Kikwajuni, katika mojawapo ya zile ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na wanunuzi huingia kwa mtandao. Mimi ndiye mtunzaji wa hifadhidata yake. Siku za kawaida kazi hiyo ni nyepesi. Lakini katika kumi la mwisho la Ramadhani watu huingia wote baada ya tarawehe, wa Unguja, wa Dar es Salaam na wa Maskati, na seva hutweta.

Hifadhidata yenyewe ni MariaDB, programu huria ambayo msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma. Ilichipuka mwaka 2009 kutoka MySQL. Michael Widenius wa Ufini, mmoja wa waasisi, alizipa programu hizo majina ya binti zake, My na Maria. Dada alilipenda jambo hilo. Kwake yeye, kanga isiyo na jina ni kitambaa tu.

Dawa ya kwanza ilikuwa faharasa. Bila faharasa, hifadhidata hutafuta kanga moja kwa kupitia kila mstari wa jedwali, mfano wa mtu anayesaka ubeti mmoja kwa kusoma diwani nzima. Nikaitia kwenye safu ya majina, na kwa mwaka mmoja tukapumua.

Mwaka wa pili haikutosha. Nikaweka seva nyingine iwe nakala ya ile ya kwanza: kila kinachoandikwa kiende kwenye asili, wasomaji wapelekwe kwenye nakala. Nililifurahia neno hilo kupita kiasi. Tenzi zetu si zimetufikia kwa mikono ya watu walioketi wakanakili miswada kwa hati za Kiarabu? Nikasahau kwamba nakala hueleza asili ilivyokuwa iliponakiliwa, si ilivyo sasa.

Usiku wa kuamkia Idi, doti ya mwisho ya kanga moja iliuzwa. Asili ilijua. Nakala, kwa kulemewa, ilikuwa nyuma kwa sekunde kadhaa, nayo ndiyo niliyoiachia kazi ya kuulizwa kama mali ipo. Ikajibu ipo. Doti ikauzwa tena, safari hii kwa bibi mmoja wa mtaani aliyetaka kuvaa sare na bintiye.

"Mwanangu, fedha mmepokea, kanga i wapi?" alimuuliza dada kwa simu.

Dada alimpa doti yake mwenyewe, aliyojiwekea ya sikukuu. Asubuhi akavaa ya mwaka uliopita, wala hakunisema. Afadhali angenisema.

Siku hizi picha na bei husomwa kutoka nakala. Hesabu ya doti zilizobaki huulizwa asili peke yake, na mstari wake hufungwa mpaka ununuzi ukamilike. Mnunuzi wa pili husubiri kidogo.

Kilichobaki ni jina la ule muda ulio baina ya asili na nakala. "Ucheleweshaji" haunikai, maana hakuna anayechelewesha. Katika daftari langu nimeandika "mkawio", kutokana na kukawia, na pembeni nimetia alama ya kuuliza.