Mgeni wa Mwaka wa Tisa

Kwa miaka 9 nyumbani kwetu Mvumi, wilayani Kilosa, tulimwita mama yetu "mgonjwa wa sukari" bila kufikiri kwamba jina hilo lilikuwa likiyafuta majina yake mengine yote. Kila tulipomwamkia tuliongeza papo hapo: mama umemeza dawa? Umekula nini? Mjukuu alipomletea kipande cha muwa, tulikichukua mkononi mwake mbele ya wageni. Tulidhani tunamlinda. Mama akanyamaza, akaanza kula peke yake chumbani.

Ramadhani iliyopita akafunga kwa siri. Alimeza vidonge vyake vya glibenklamaidi alfajiri, daku akaigusa tu, na kabla ya adhuhuri tukamkuta ameketi chini karibu na kisima, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Alhamdulillah, bado aliweza kumeza, na maji ya sukari yakamzindua. Usiku ule tulilaumiana mpaka sauti zikapanda. Mama alisema neno moja tu: "Nimechoka kuwa ugonjwa."

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja baada ya tarawehe. Hakumuuliza mama chochote juu ya makosa yake. Alituuliza sote: "Huyu Sukari aliingia lini humu? Amewanyang'anya nini? Lini mlimshinda?" Tulicheka kwanza. Kisha mdogo wetu akajibu kuwa amemnyang'anya mama mkeka, maana hakai tena nasi. Kaka yetu mkubwa, ambaye si mtu wa kukiri, akasema amemgeuza yeye kuwa askari wa mama yake. Mama naye akasimulia masika ambayo, miguu ikiwa imekufa ganzi, alipalilia robo ekari ya mpunga, akijipimia chakula kwa kikombe bila kusimamiwa na mtu. Hadithi hiyo hatukuwahi kuisikia, kwani hatukuwahi kuiuliza.

Njia hii ya mazungumzo ya familia iliasisiwa na Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, na kitabu chao cha pamoja kilitoka mwaka 1990. Huutenga ugonjwa na mtu, ili familia isimame upande mmoja. Jirani zetu wa Malawi waliitumia vijijini miaka hiyohiyo ya 1990: mtu mmoja akiigiza UKIMWI, mwingine akiigiza Huruma, na wanakijiji wakiwahoji wote wawili.

Mzee mmoja alituuliza kwa wasiwasi kama huko si kuzungumza na jini. La, hasha. Ni mfano tu, kama tusemavyo njaa imetupiga. Na vidonge havikuachwa, wala kliniki.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama alisema usiku ule. "Huyu ana miaka 9, hajalima hata tuta."

Daktari na sheikh walimwambia neno moja: asifunge, atoe fidia. Sisi watoto tulitaka kulipa, akakataa. Kila jioni alipika mwenyewe sahani ya maskini mmoja, na mjukuu yuleyule wa muwa akaipeleka.

Sukari bado yupo. Kila asubuhi hupimwa, na mama ndiye anayetusomea namba, akiwa mkekani.