Mchango Unapokelewa, Mwenye Mchango Je?

Wiki haipiti bila kijana wa nyumbani kuniandikia: "Dada, nifanyeje nami nije huko?" Wanajua habari zangu. Mimi ni transijenda: nilizaliwa Mombasa nikaandikwa mvulana, nami ni mwanamke, na sasa naishi Berlin nikisomea uuguzi. Wanaamini chuki niliiacha uwanja wa ndege. Nawapenda, ndiyo maana nawajibu ukweli mtupu.

Ujerumani imenipa jambo kubwa, na sitalificha. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, mtu mzima anakwenda mwenyewe kwa msajili, anatoa tamko, na jina lake na jinsia yake vinabadilishwa bila jaji wala daktari. Chini ya sheria ya 1980 alihitaji ripoti za wataalamu wawili na uamuzi wa mahakama, na hadi 2011, ili jinsia nayo ibadilishwe, alitakiwa kwanza awe hawezi tena kuzaa. Hata mgeni mwenye kibali cha kuishi kinachoweza kuongezwa muda anaruhusiwa kutoa tamko hilo. Ila pasi yangu ni ya Kenya, na vyeti vyangu vya shule ni vya Kenya. Nikiwasilisha cheti cha KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, karani hukisoma, huniangalia usoni, hukirudia, kisha humwita mwenzake. Mimi nimesimama pale, na walio nyuma yangu wananyoosha shingo.

Tena kuna rangi. Natafuta chumba, naambiwa kimeshachukuliwa, na kesho yake tangazo bado lipo. Mtu akinikodolea macho ndani ya treni, sijui kinachomkera ni weusi wangu au sauti yangu. Nyumbani angalau nilijua nachukiwa kwa lipi.

Ndugu huniambia mambo ya transijenda yameletwa na wazungu. Laiti wangesimama nami uwanja wa Bebelplatz. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua hapa Berlin taasisi ya kuchunguza jinsia, na watu kama mimi walitibiwa humo, wengine wakapewa kazi. Mei 1933 wafuasi wa Nazi waliivamia, wakabeba vitabu vyake, wakavichoma moto uwanjani hapo. Leo kuna kioo kilicholazwa chini, na ukiinama unaona rafu nyeupe zisizo na kitabu hata kimoja. Wazungu nao walituchukia, na sheria ya leo imekuja kwa sababu watu walidai miaka mingi bila kuchoka.

Kenya nako madai yapo. Audrey Mbugua alifanya KCSE mwaka 2001, akafaulu, kisha akajikuta na cheti chenye jina asiloweza kulitumia tena. Alilishtaki Baraza la Mitihani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamuru apewe cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke transijenda aliyedhalilishwa akiwa kizuizini, ikaitaka serikali itunge sheria ya kutulinda. Hawa walipigania haki yao papo hapo walipozaliwa.

Na kabla ya mahakama, aliyeniokoa mimi ni shangazi yangu wa Kisauni. Majirani walipomjia na maneno yao alikuwa akipepeta mchele, wala hakuusimamisha ungo. "Huyu ni mtoto wetu," akasema. "Anayeona haya kuja kwangu, asije." Nilikaa kwake mpaka nikamaliza shule.

Basi kijana, ukimpata mtu mmoja wa namna hiyo, mshike. Usiende peke yako polisi wala ofisini. Usitoe siri yako kwa kuwa tu umeulizwa. Wa kuambiwa utawachagua wewe. Maliza masomo, hata kama cheti kitakuja na jina lisilo lako, maana cheti kinarekebishika. Matusi ya mtandaoni usiyasome usiku ukiwa peke yako. Na ukiona unataka kujidhuru, mwamshe mtu, saa yoyote ile.

Sasa neno kwa wenzangu wa Afrika Mashariki tulio huku. Mtu akifiwa, kikundi cha simu hujaa michango ya kusafirisha maiti, nami hutuma wangu. Unapokelewa, naandikwa kwenye orodha, nashukuriwa. Siku ya kukutana kwa dua na pilau, napata habari baadaye kwa picha. Tumenyimwa nyumba pamoja kwa ajili ya ngozi zetu, tunajua kukataliwa kunavyouma, kisha tunafungiana milango wenyewe kwa wenyewe. Hili linaniumiza kuliko karani yeyote wa Berlin.

Nikizipima nchi hizi mbili, Berlin nina sheria ya kunilinda, na Mombasa nina watu wanaojua nilikotoka. Binadamu anahitaji vyote viwili, na hicho cha pili hakitungwi bungeni. Kwa hiyo msiba ujao mchango wangu nitaupeleka kwa mkono, kwa jina langu, nikae na akina mama tumenye vitunguu. Nanyi wazazi mlio nyumbani, mtoto wenu akiwaambia alivyo, msimfukuze, wala msikimbilie kumtafutia viza. Mlipieni ada, mle naye sahani moja. Kazi ya kumlea mtoto wenu, Ujerumani haiwezi kuwafanyia.