Shimoni, Kwenye Mlango wa Nduwaro

Wiki hii safari yetu inaelekea kusini, hadi pale ambapo nchi kavu ya Kwale inaishia na bahari kuu inaanza.

Aliyeishia Diani bado hajaimaliza Pwani ya kusini. Ukiiacha Ukunda, barabara ya Lunga Lunga inapita karibu na mikoko ya Gazi, kisha minazi na mikorosho ya Msambweni, hadi Ramisi palipokuwa na kiwanda cha sukari. Mbele kidogo, penye njia panda ya Kanana, msafiri hukunja kushoto na kufuata barabara inayokwisha baharini. Hapo ndipo Shimoni, zaidi ya kilomita 70 kutoka Likoni. Mji umepata jina lake kutokana na mapango ya mawe yaliyo karibu na ufuo. Wazee husimulia kwamba humo walifungiwa watumwa wakingojea vyombo vya kuwavusha.

Mbele ya Shimoni kipo kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja. Akina mama wa kisiwani humo wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya kale, na kiingilio cha wageni huwasaidia katika mambo yao. Kusini ya kisiwa ziko Kisite na Mpunguti, maji yaliyohifadhiwa tangu miaka ya 1970. Ndani ya Kisite hakuna ruhusa ya kuvua kabisa.

Lakini sifa ya Shimoni iliyovuka mipaka ni Mlango wa Pemba, yaani bahari iliyo baina ya bara na kisiwa cha Pemba. Kina chake kinafikia mamia ya mita, na mkondo wake una nguvu. Samaki wadogo husukumwa na mkondo huo, na wakubwa huwafuata: jodari, nguru, fulusi, kolekole, papa, na nduwaro wa kila namna, mwenye tanga mgongoni na wale wazito wenye pua kama mkuki. Kusi kinapovuma kwa nguvu, kuanzia Aprili hadi katikati ya mwaka, vyombo vingi vya michezo hubaki bandarini. Kusi kikilegea jodari huonekana kwa wingi, na kaskazi kikishika ndiyo zamu ya nduwaro.

Wageni wamezijua habari hizi kwa muda mrefu. Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alifika Shimoni kwenye kambi ya uvuvi, akiwa na majeraha ya ajali mbili za ndege zilizompata Uganda. Miaka miwili kabla yake alikuwa amechapisha kisa chake mashuhuri cha mzee aliyepambana na nduwaro baharini.

Siku hizi baadhi ya wageni huja na namna ya uvuvi inayoshangaza wengi. Chambo chao ni kishungi cha manyoya na nyuzi kilichofungwa kwenye ndoana, nao hukiita nzi. Hakina uzito wowote. Kinachorushwa kwa fimbo ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Chombo hukokota chambo bandia kisichokuwa na ndoana, nduwaro akakifuata kwa hasira hadi karibu na tezi. Hapo baharia hukivuta haraka, na mgeni huurusha ule unyoya mahali pake. Kipande cha mwisho cha mshipi, kwa kanuni za mchezo huo, huvumilia kama kilo 9 tu, ilhali samaki huenda akawa na uzito mara kadhaa wa huo. Ustadi ndio unaotakiwa hapo. Nguvu hazisaidii.

Kwa wavuvi wetu, kumfuata samaki mkubwa si jambo geni. Kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, ni kazi ya mababu. Na wavuvi wa Pemba huvuka mlango huu kwa misimu, wakapiga dago katika fuo za Kwale, kisha wakarudi kwao. Tofauti ni moja: mvuvi wa kwetu humleta samaki nyumbani, na mgeni, mara nyingi, humwachia.

Hapa ndipo lilipo swali linaloulizwa majumbani, maana mabaharia wa vyombo hivyo ni watoto wetu na waume zetu. Je, kumchosha kiumbe cha Mwenyezi Mungu kwa mchezo kisha kumrudisha majini ni halali? Windo la bahari limehalalishwa kwetu, na hilo halina shaka. Lakini dini yetu imekataza pia kumtesa mnyama na kumfanya kitu cha kuchezea. Hukumu yake tuwaachie masheikh, na kijana mwenye wasiwasi na amwendee sheikh wake. La kwetu sisi ni kuijua kazi yenyewe ilivyo.

Kumwachia samaki kuna faida yake. Nduwaro walio wakubwa mno huwa ni majike: dume la nduwaro wa buluu ni nadra kuzidi kilo 160, na jike huweza kupita kilo 500. Anayerudishwa akiwa hai ni mama mwenye mamilioni ya mayai. Wengine hutiwa alama ndogo, na kupitia shirika la African Billfish Foundation wataalamu hupata kujua wanakohamia. Lakini kumwachia samaki aliyekwisha choka hadi kufa ni israfu tupu. Mshipi mwembamba hurefusha mapambano, na hapo amana huwa mikononi mwa nahodha: amalize haraka, asimtoe samaki majini, atumie ndoana ya mviringo inayoshika pembeni mwa mdomo, na amkokote polepole maji yapite matamvuani hadi apate nguvu. Asiyeweza kupona, na aletwe pwani aliwe.

Hao waletwao pwani wana wanaowangojea. Mamakaranga wa Shimoni na Msambweni huwaosha watoto wao na kuwapeleka skuli kwa faida ya samaki wa kukaanga, na siku chombo kikirudi kitupu, karai halipandi mekoni. Mgeni anayelipa fedha nyingi kwa siku moja ya mchezo hajui habari ya karai hilo. Nahodha anaijua, na haidhuru akimwambia.

Familia itakayozuru na ipange kwenda Wasini asubuhi, ipite kwenye njia ya mbao ya akina mama, ile samaki wa mpunga wa nazi, na irudi Shimoni kabla ya magharibi. Jioni vyombo hurejea. Wapelekeni watoto gatini wakaone kilicholetwa, na wawaulize mabaharia walichokiachia.