Kiungo Aliyegoma Kuvuka Maji

Wadau, najua wengi mnapita hapa kutafuta ubuyu. Leo ninao wa Zanzibar kabisa, ila ndani hamna ndoa wala picha zilizovuja. Ni wa mpira.

Kuna kiungo mmoja wa Ligi Kuu Zanzibar, jina kapuni, nimecheza naye chandimu tangu tuko skuli. Msimu huu timu moja ya Bara ilimtaka. Mtaani tukajua basi, jamaa kashapanda boti. Kumbe kakataa! Sasa kijiweni anaitwa kila jina: muoga, hana njaa, kaolewa na kambi.

Mie namtetea.

Ligi yetu haifanani na ya Bara. Angalia timu zenyewe: KMKM ni kikosi cha kuzuia magendo, JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ni Valantia, Mafunzo ndo magereza, na Zimamoto haihitaji maelezo. Timu za uraiani kama Malindi na Mlandege zipo, tena zina historia, lakini kijana mwenye kipaji kisiwani mara nyingi mlango unaomfungukia ni wa kikosi. Unacheza mpira, na ajira unayo. Leo jezi, kesho gwanda. Goti likiharibika, bado una kazi.

Huko alikoitwa, mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ukisugua benchi, unatemwa, unarudi nyumbani na begi la viatu. Jamaa ana mama na wadogo watatu wanaomtegemea. Mama alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, makofi hayapikwi."

Kiukweli lakini, wanaomcheka nao wana hoja. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF walitupokea Machi 2017, Julai mwaka ule ule wakatutoa. Desemba vijana wetu wakaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji, wakafika fainali, wakafungwa na wenyeji kwa penalti tu. Maana yake, ukitaka AFCON au Kombe la Dunia, njia ni Taifa Stars, na ukicheza Bara unaonekana kirahisi zaidi. Klabu ndo zina nafuu: bingwa wa Zanzibar anaingia Ligi ya Mabingwa Afrika kwa jina lake mwenyewe. Ndoto ya jamaa ni hiyo, achukue ubingwa hapa, avuke maji na timu yake.

Kinachoniuma mie ni kingine. Januari 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 pale Amaan, fainali ya Kombe la Mapinduzi. Kisiwa kizima kilijifanya Mlandege! Vijana wale wale wakirudi kwenye ligi, unaweza kuwahesabu watazamaji bila kukosea. Nimeshakaa jukwaani nikamsikia kocha neno kwa neno, hadi matusi yake. Timu inavuka bahari kwenda kucheza Gombani, Pemba, inarudi na pointi tatu, na mtaani hakuna anayeuliza matokeo. Wote wapo kibanda umiza wanabishana kuhusu Arsenal.

Halafu tunamuuliza mtu kwa nini kachagua mshahara! Angechagua nini kingine, wakati shangwe zetu zote tumeshazipeleka Bara na Ulaya? Tunamcheka kwa kubaki, na sisi wenyewe hatujabaki naye.

Akishuka tena Mao Tse Tung, nitakuwepo. Simba na Yanga hawakimbii, wamo kwenye simu yako. Njoo umwone kiungo huyu akigeuka na mpira katikati ya watu watatu, kabla Bara hawajarudi na dau ambalo hata mama yake atalipikia.