Spoki Zipite Ngapi?



Kazi yangu ni bwana shamba. Serikalini naitwa afisa ugani, lakini kijijini mimi ni Bwana Shamba tu. Watu huniuliza juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Huniuliza na mambo mengine, na zamani nilikuwa najibu yote. Mwaka 2016 niliulizwa habari ya gurudumu la baiskeli. Sikujua, lakini nilijibu. Jibu langu lilimtia hasara mama mmoja mjane.

Mama huyo alikuwa akilima bondeni, wilayani Nzega. Mimi ndiye niliyemshauri apande nyanya wakati wa kiangazi. Alikubali, akamwagilia kwa ndoo, na nyanya zikakubali. Za kuuza zilikuwa nyingi. Chombo chake cha kuzipeleka mnadani kilikuwa baiskeli moja, Phoenix, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwendeshaji alikuwa mwanawe.

Wiki moja kabla ya mavuno, spoki za gurudumu la nyuma zilianza kukatika. Tulikwenda kwa fundi kijana pale kijijini. Akatazama, akasema spoki zote zimekula kutu, afadhali asuke upya. Gurudumu lile la nyuma lilikuwa na matundu 40. Kununua spoki mpya 40 kulimshinda mama. Fundi alikuwa nazo za zamani, alizozifungua katika magurudumu mawili ya baiskeli ya mtumba.

"Bwana Shamba," akaniambia, "hizi ni fupi kidogo. Nikipitisha nne, hazifiki kwenye ringi. Nikipitisha mbili, zinafika. Nifanyeje?"

Hapa yafaa nieleze maana ya kupitisha. Shika spoki moja pale inapoanzia, kwenye habu. Ifuate kwa kidole mpaka kwenye ringi. Hesabu spoki za upande ule ule ambazo inakutana nazo njiani. Ikikutana na nne, imepita nne. Ikikutana na mbili, imepita mbili. Spoki inayopita nne hulala sana. Inayopita mbili husimama zaidi, kwa hiyo njia yake kutoka habu hadi ringi ni fupi. Ndiyo maana spoki fupi zilifika.

Mimi sikuhesabu kitu. Nilijibu, "Spoki ni spoki. Mbili au nne ni urembo tu. Suka."

Mama akaniuliza, "Bwana Shamba, itabeba?"

Nikasema itabeba.

Siku ya mnada kijana alifunga matenga mawili kwenye karia, akaondoka alfajiri. Mimi nilikuwa nyuma kwa pikipiki. Nilimkuta baada ya kijito, pale barabara inapoanza kupanda. Baiskeli imelala. Ringi limejikunja kama namba nane. Kijana amechubuka mkono. Nyanya zimetapakaa barabarani, na lori lilikuwa limekwisha kupita juu yake. Tuliokota zilizokuwa nzima. Hazikujaza hata nusu tenga.

Jioni mama alikuja kwangu. Nilitegemea maneno makali. Hakusema hata moja. Aliweka sahani ya nyanya mezani, akasema, "Bwana Shamba, hizi zimebaki. Nimekuletea uonje jasho langu." Kisha akaaga. Nyanya zile zilikaa mezani siku tatu.

Nililibeba gurudumu lile mpaka mjini kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Aliligeuza, akacheka kidogo, akauliza, "Nani aliyesema zipite mbili?" Nikamwambia ni mimi. Akanikalisha juu ya kibao, akanifundisha mchana kutwa.

Kwanza alinionyesha spoki zilizokatika. Karibu zote zilikatikia kwenye kona, pale zinapopinda kuingia kwenye habu. Spoki zile zilikuwa zimechoka tangu kwenye baiskeli ya kwanza. Kona zake zilikuwa zimezoea kulala kwingine, na fundi kijana alizipinda upya. Tena hata kwa kupita mbili zilifika kwa shida. Nyingine zilishika nati kwa mizunguko miwili mitatu tu, kwa hiyo hazikuweza kukazwa sawasawa. Spoki iliyolegea huchezacheza kila gurudumu linapozunguka, na kuchezacheza huko ndiko kunakoikata. Mzee alisema wazi kwamba kupita mbili peke yake kusingevunja gurudumu siku ya kwanza. Makosa yalikuwa matatu, na yote yalikutana pale mlimani.

Lakini kupita nako kuna kazi yake. Mtu anapokanyaga pedali, mnyororo huizungusha habu, na habu hulivuta ringi kwa spoki. Spoki iliyolala huvuta vizuri, kama ng'ombe anayevuta plau kwa mnyororo ulionyooka kuelekea anakokwenda. Spoki iliyosimama wima kutoka katikati ya habu haina mvuto wa namna hiyo mpaka habu ijipinde kwanza. Ndiyo sababu gurudumu la nyuma, na hasa la kubebea mzigo, lataka spoki zilizolala.

Basi nikauliza, zipite ngapi? Akasema, anza kwa kuhesabu matundu. Gurudumu la matundu 40, zipite nne. La matundu 36, zipite tatu. Hata nne inawezekana. La matundu 32, zipite tatu. Ukilazimisha nne kwenye matundu 32, spoki itakanyaga kichwa cha mwenzake pale kwenye habu. Baiskeli nyingi za namna ya Phoenix zina 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa.

Ukinunua gurudumu lililotumika, hesabu kabla hujafungua hata spoki moja. Andika. Spoki zake zilikatwa kwa urefu wa namna ile ile, kwa hiyo ukizirudisha, zirudishe hivyo hivyo. Kama umekuta habu tupu, itazame vizuri. Spoki za zamani huacha alama kando ya matundu, na alama hizo huonyesha zilikolala. Zifuate. Ukibadili, unaanza kuichimba habu upya.

Urefu hupimwa kwa kujaribu. Kila unapoongeza kupita mara moja kwenye gurudumu kubwa kama lile, spoki hutakiwa kuwa ndefu zaidi kwa milimita 5 hivi. Ncha ya spoki ifike mpaka kwenye mfereji wa nati. Isipofika, nati haina nguvu. Ikizidi, itatoboa mpira.

Nililipa spoki mpya 40 kwa pesa yangu. Mzee alinilazimisha nisuke mwenyewe. Nilikosea mara mbili, akafungua zote. Tulipomaliza aligonga spoki moja moja kwa kucha na kusikiliza. Zilizolia sauti ya chini alizikaza. Hakuacha mpaka za upande mmoja zikalia karibu sauti moja. Akaniagiza nilirudishe gurudumu baada ya safari chache za mzigo, kwa kuwa spoki mpya hulegea zikishajikalisha. Nililirudisha, na kweli zilikuwa zimelegea.

Nilitaka kumlipa mama pesa za nyanya. Alikataa. Akaomba mbegu za msimu uliofuata, nikampa. Mambo ya wadudu bado ananiuliza mimi. Ya baiskeli, humtuma mwanawe mjini kwa mzee.